Mnazi wa Arobaini na Tatu

Jumamosi, 5 Oktoba. Kilwa Kivinje
Upepo mita tatu kwa sekunde. Mawingu machache.

Leo imepaa! Naandika kwa herufi kubwa kidogo ili mke wangu Genoveva akipita nyuma yangu asome bila kujisumbua. Kibali kimetoka baada ya miezi mitano ya barua na simu, na droni iliyokaa juu ya kabati imefunikwa khanga kama mgonjwa imeshushwa. Saa moja na robo asubuhi ilipanda kutoka kiwanja cha shule mpaka mita themanini. Nikaona paa letu. Nikaona kumbe jiko la nje limelalia upande, jambo ambalo mke wangu amekuwa akilisema tangu Pasaka.

Nimefundisha fizikia miaka kumi na minne. Nimechora mishale ya nguvu ubaoni, mmoja wa kwenda juu, mmoja wa kwenda chini, mpaka vumbi la chaki limekuwa sehemu ya chakula changu. Leo nimeuona mshale wa juu ukishinda, na nimefurahi kama mtoto. Kuanzia sasa Jumatatu hadi Ijumaa ni mwalimu Klementi, Jumamosi ni mpiga picha wa viwanja na nyumba zinazouzwa.

Genoveva anasema mwanaume aliyechukua korosho za misimu miwili za shamba la mama yake kule Mtama akanunua mdudu wa kuruka hahitaji shajara, anahitaji kuombewa na jumuiya. Nimeandika na hilo.

Jumatatu, 7 Oktoba
Nimekwenda kwa Nusaiba, dalali wa viwanja hapa Kivinje. Nikamwonyesha picha ya mji kutoka juu. Akaitazama kwa muda, akauliza, "Mwalimu, msikiti umeufanyaje ukawa mdogo hivi?" Kisha akasema nije Jumamosi na huyo nyuki wangu.

Jumamosi, 12 Oktoba
Upepo mita nne. Anga safi.

Kazi ya kwanza: nyumba ya vyumba vitano, njia ya hospitali. Mimi nilimaliza kwa dakika kumi na moja. Nusaiba alimaliza kwa saa mbili na nusu, na sasa naeleza kwa nini.

Huyu mama haorodheshi kitu kabla hajautembea mpaka wake wote kwa miguu, na si peke yake. Anawaita majirani wa pande zote. Anavua ndala, anazishika mkononi, anatangulia. Kila kona anasimama, anauliza, "Hapa tunakubaliana?" Jirani akisema ndiyo, anapachika jiwe, wanasogea. Akisema hapana, wanakaa chini palepale mpaka waelewane. Leo walikaa kwa ajili ya mpapai mmoja. Mimi nilikuwa nimesimama juani na rimoti mkononi, nimenuna.

Halafu akapigiwa simu na mtu wa Lindi ambaye hajawahi kuiona nyumba. Aliuliza swali moja tu: "Umeikanyaga?" Nusaiba akajibu, "Nimeikanyaga." Basi, jamaa akasema anakuja kuandikiana. Miaka yote hii nimetafuta neno langu liaminiwe hivyo darasani na sijapata.

Jumanne, 15 Oktoba
Upepo mita kumi. Sikurusha.

Jumatano, 16 Oktoba
Upepo. Nimesahihisha madaftari arobaini. Watatu wameandika kwamba uzito hupimwa kwa lita.

Jumamosi, 19 Oktoba
Upepo mita mbili. Siku ya kuruka hasa.

Kazi kubwa. Shamba la ufukweni, kaskazini ya mji, ekari tatu na nusu, limejaa minazi. Mwenyewe anaitwa Suleiman, mtu wa makamo aliyezaliwa na kukulia Dar. Baba yake amefariki mwaka jana akamwachia. Alikuja kwa siku moja na alitaka kurudi na basi la mchana.

Nusaiba akataka kuanza kutembea mpaka. Majirani wa upande mmoja walikuwa msibani. Akasema tusubiri Jumatatu. Suleiman akatazama saa. Mimi nikaingilia, na nilisema kwa sauti ya darasani: "Dada Nusaiba, ya nini kujichosha? Nyuki anaona kona hadi kona. Hakuna kitakachojificha."

Akanitazama, akavaa ndala zake. "Haya mwalimu. Leo miguu yangu nimekuazima wewe."

Nilijisikia mkubwa sana.

Jumapili, 20 Oktoba
Baada ya misa nimekaa na picha. Ni nzuri mpaka najionea wivu mwenyewe. Safu tano za minazi zimenyooka kutoka kisimani hadi mchangani, bahari mbele, kivuli cha kila mti kimelala upande mmoja.

Kasoro ni moja. Safu ya tatu, upande wa baharini, ina pengo la mti mmoja, nalo jicho haliachi kurudi palepale. Nikachukua mnazi wa pembeni yake, nikaunakili, nikaupachika. Nikauwekea na kivuli kwa pembe sahihi, maana jua la saa mbili asubuhi nalijua. Dakika ishirini, na hakuna binadamu atakayegundua.

"Umefanya nini hapo?" Genoveva akauliza, pini za kushonea mdomoni.

"Nimechana nywele tu."

Jumatatu, 21 Oktoba
Kwetu Mtama ukitaja shamba bila idadi ya mikorosho umetaja pori. Na anayeuza shamba anauza na kilichosimama juu yake. Nani atauza ardhi akabaki na miti hewani? Kwa hiyo baada ya vipindi nimechukua ile picha niliyoichana nywele, nimehesabu mara mbili kwa kalamu nyekundu, nimeandika chini yake: *Ekari tatu na nusu, ufukweni. Minazi 43 inayozaa, yote ya mwenye shamba.*

Nusaiba ameirusha kwenye makundi ya WhatsApp. Kufikia magharibi imeshafika Mtwara na kurudi.

Ijumaa, 25 Oktoba
Simu kutoka Dar. Anaitwa Rafaeli, anatafuta ufukwe wa kujenga nyumba ya wageni. Anasema hajawahi kuona safu zilizonyooka namna ile. Leo nimetembea shuleni kama mimi ndiye mkuu wa shule.

Jumamosi, 2 Novemba
Upepo mita tano.

Rafaeli amekuja. Mtu mstaarabu, anasalimia watu kabla ya kuuliza bei. Amekuja na picha yangu ameichapisha kwenye karatasi ngumu, na juu yake amechora vyumba kumi na viwili vinavyotazama bahari. Safu tatu zitakatwa, ya katikati na ya jirani yake zitabaki kwa kivuli. Mtendaji wa kijiji alikuwepo, Suleiman alikuwa kwenye simu, kila mtu akakubali. Tarehe 30 wanaandikiana ofisini kwa mtendaji. Jumatatu inayofuata wakataji wanaingia.

Nilisikitika kidogo kwa ajili ya zile safu, zilivyotokea vizuri pichani. Nilipomuuliza Nusaiba anaonaje akasema tu, "Sijapakanyaga, mwalimu. Miguu inaniwasha."

Jumanne, 5 Novemba
Mvua ya kwanza. Nyuki kabatini.

Jumatatu, 11 Novemba
Nasimamia mtihani wa Kidato cha Nne. Upepo mita tisa.

Jumatano, 13 Novemba
Nasimamia. Mvua. Hakuna jipya.

Alhamisi, 14 Novemba
Lipo jipya, na natamani lisingekuwepo.

Jioni nimepita kwa Nusaiba. Kwenye mkeka alikuwa amekaa Hasani, mkwezi, yule anayewaangulia watu nazi mji mzima. Alikuja kuuliza habari za kiwanja cha shemeji yake. Nusaiba akamwonyesha simu, labda kwa kujivuna kidogo kwa kazi yetu, maana na yeye ni binadamu. Hasani akaishika karibu na uso.

"Hii si kule kisima cha zamani?"

"Ndiko."

"Sasa mbona mnauza minazi ya Bi Binti?"

Nikacheka. Nikamweleza kwamba shamba ni la Suleiman, marehemu baba yake alimwachia. Hasani akanisikiliza kwa adabu zote, kama anavyosikilizwa mtu wa kuja.

"Mwalimu, ardhi ni ya kina Suleiman, hilo halina ubishi. Minazi ni ya Bi Binti. Babu yake Suleiman alimpa baba yake Bi Binti ruhusa ya kupanda. Ardhi ya huyu, miti ya yule. Mimi nakwea pale miaka ishirini na mbili, na baba yangu alikwea kabla yangu. Kila miezi mitatu nazi zinakwenda kwa mwenyewe Songo Mnara, kwa boti. Suleiman hata baba yake hakuwahi kula dafu pale bila kuomba."

Nikamtazama Nusaiba. Alikuwa ameshusha macho. Miaka yote amefanya kazi hii hapa pwani na desturi ya ardhi ya huyu, miti ya yule anaijua kuliko jina lake. La Bi Binti angelisikia kwenye kona ya kwanza, kutoka kwa jirani wa kwanza, kama angetembea. Aliyemzuia kutembea ni mimi.

"Minazi mingapi?" akauliza taratibu.

"Ya Bi Binti? Sijawahi kuhesabu. Nakwea tu."

Nimerudi nyumbani mvua ikininyeshea na sikuikimbia.

Ijumaa, 15 Novemba
Simu siku nzima, katikati ya kusimamia mtihani.

Suleiman si mtu mbaya. Alisema, "Mwalimu, baba aliniambia shamba letu. Ya miti hakuniambia, na mimi sikuuliza. Lakini Rafaeli ameshapanga kila kitu."

Mtendaji naye si mtu mbaya, ila ana miezi minne hapa. "Mashahidi wa babu zao wote wamekufa," alisema. "Maandishi hakuna. Lililopo ni picha yenu, na picha yenu inasema minazi arobaini na mitatu, yote ya mwenye shamba. Nimeibandika kwenye faili."

Hivi ndivyo ilivyo: wino wangu mwekundu ndio utakaokata minazi ya mama wa watu.

Nusaiba akasema tutakwenda Songo Mnara kumwona mwenyewe na kumsomesha picha, mti kwa mti. Nikasema maneno ambayo nayaandika ili nione aibu kila nikiyasoma. Nilisema, "Na biashara yetu je? Tukisema picha ya kwanza ya maana ina kosa, nani atatuita tena?"

Hakukasirika. Aliniwekea chai. "Mwalimu, mimi nimeuza hapa viwanja miaka kumi na tisa, na watu wananunua kwangu wakiwa Mwanza. Hawanunui kiwanja. Wananunua kwamba nikikosea nitawapigia simu kabla hawajanipigia."

Sina mfano wa kumfananisha mtu huyu. Namheshimu, basi.

Jumamosi, 16 Novemba
Upepo mita kumi na moja. Nahodha amekataa.

Jumapili, 17 Novemba
Mita kumi na mbili. Amekataa tena. Nimechapisha picha kubwa kama meza, nimeikunja ndani ya bomba la plastiki.

Jumanne, 19 Novemba
Upepo.

Alhamisi, 21 Novemba
Upepo. Zimebaki siku tisa. Genoveva ameniambia niache kutoka nje kupima, haupungui kwa kutazamwa.

Jumamosi, 23 Novemba
Mita nne. Tumekwenda.

Alfajiri gari mpaka Kilwa Masoko, kutoka hapo boti ya injini. Nilikumbatia lile bomba njia nzima na nikatapika mara moja, upande sahihi.

Bi Binti tulimkuta uani, amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Mwembamba, macho makali, miaka sabini na kitu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wanangu. Karibuni. Mvua imewaachia?"

Nusaiba hakuzunguka. Alimweleza yote tangu mwanzo, mpaka ya ndala zake kurudi mguuni. Bi Binti aliendelea kukuna mpaka kikabaki kifuu, akainuka, akanawa mikono, akaikausha kwa upande wa khanga. "Nionyesheni."

Tukaitandaza mkekani, tukaweka jiwe kila pembe. Maisha yake yote hajaiona minazi yake kwa juu. Niliandaa maelezo ya jinsi ya kusoma picha ya angani, ninayo hata kwenye andalio la somo. Hakuyahitaji. Aliuliza kitu kimoja: "Kisima kiko wapi?" Nikamwonyesha doa jeusi. Akaweka kidole pale, akaanza kutembea.

"Hii miwili ya kisimani si yangu, ya marehemu baba yake Suleiman. Alipanda mwenyewe, Mungu amrehemu. Unaofuata wa kaka yangu Shaaban. Huu wangu mimi. Baba alifukia kitovu changu hapa, akapanda juu yake. Huu wa Mwajuma. Huu wa pacha wake, aliishi siku tatu, lakini mnazi wake unazaa mpaka leo."

Kila aliyezaliwa kwao ana mti wake pale. Kidole kilikwenda polepole, mti kwa mti, jina kwa jina. Nusaiba alikuwa anaandika namba na jina, na mara mbili nilimwona akifuta macho kwa mkono wa kalamu. Mimi nilitazama kile kidole. Mwalimu wa fizikia anajua kipimo kinapokuwa sahihi, na sijawahi kuona kipimo kama kile.

Safu ya tatu, upande wa baharini, kidole kikasimama.

"Huu nani kaupanda?"

Nusaiba akasema labda kausahau.

"Mwanangu, mimi nasahau vidonge vyangu vya presha. Minazi siisahau. Hapa palikuwa pa Zuhura, kitinda mimba wangu. Alizaliwa mwaka themanini na sita, alikwenda kwa homa akiwa na miaka sita. Mti ukabaki. Miaka yote Hasani akiniletea nazi nilikuwa namuuliza, za Zuhura zipi, ananitengea. Kimbunga cha mwezi wa tano kikaung'oa. Hapa hapana kitu. Hapa pana pengo."

Niliuona mnazi wangu, na kivuli chake kwa pembe sahihi kabisa.

"Bibi," nikasema, "huo nimeuweka mimi."

Nusaiba akageuza shingo. Hakuwa anajua.

"Umeuweka vipi?" bibi akauliza.

"Kwenye picha tu. Kwa simu. Nilichukua wa jirani yake nikaurudia."

"Kwa nini baba?"

Ningeweza kusema mengi ya kitaalamu. Nikasema ukweli. "Pengo lilikuwa linaniudhi."

Kidole bado kipo pale.

"Hata mimi linaniudhi," akasema.

Akaendelea na safu ya nne.

Mwisho wake: arobaini ya kwake, miwili ya baba Suleiman. Arobaini na miwili. Wa arobaini na tatu ni wangu na haupo.

Nusaiba akauliza kama kuna alama yoyote ya kumwonyesha mtendaji, maana majina peke yake wataweza kuyabisha. Bi Binti akacheka kwa mara ya kwanza. "Baba yangu alikuwa mtu wa mkono wa kushoto. Kila mnazi alichonga vidato vya kukwelea mwenyewe, na kidato cha kwanza kiko kushoto ukiutazama mti umeipa bahari mgongo. Wakwezi wote wanachonga kulia. Muulizeni Hasani anavyomlaani marehemu kila akianza kupanda."

Hilo droni yangu isingeliona hata ningeirusha mwaka mzima.

Kwenye boti, gati ya Masoko ilipoonekana, Nusaiba akanigeukia. Kisha: "Mwalimu, Jumamosi utasema mwenyewe au nikusemee?"

Nikakumbatia bomba langu, nikashuka.

Jumatatu, 25 Novemba
Nimewaza hivi: nikirusha upya, nikileta picha mpya ya minazi arobaini na miwili, nani atauliza ya zamani ilikuwaje? Vidato vitatosha. Jina langu litabaki safi.

Nimemweleza Genoveva. Hakuacha kushona. "Klementi, umechana nywele za watu. Nenda kamwambie mwenye kichwa."

Ijumaa, 29 Novemba
Mita tatu. Nimerusha upya. Pengo lipo. Sikuligusa.

Jumamosi, 30 Novemba
Nitaandika yote, hata kama taa itakatika.

Ofisini kwa mtendaji saa tatu: mtendaji, Rafaeli, Suleiman aliyefika na basi la usiku, Hasani, Nusaiba, mimi. Bi Binti aliletwa na boti tangu jana, amevaa khanga mpya. Dirishani watu wamejaa. Faili mezani, na picha yangu ndani yake.

Nusaiba alisimama kabla hajaitwa. "Kabla ya yote, kosa la kwanza ni langu. Shamba hili niliorodhesha bila kukanyaga mpaka. Miaka kumi na tisa sijafanya hivyo, mara hii nimefanya. Bwana Rafaeli, nakuomba radhi. Suleiman, nakuomba radhi. Bi Binti, wewe sijui nianzie wapi."

Hakunitaja. Angeweza kusema mwalimu alinizuia, na lingekuwa kweli. Alilibeba lote na akakaa. Nikaona kwamba nikibaki kwenye kiti changu dakika moja zaidi, sitaweza kukaa tena kwenye kiti chochote mbele ya mama huyu.

Nikasimama. Nikasema aliyemwambia asitembee ni mimi. Nikasema maneno "yote ya mwenye shamba" niliyaandika mimi bila kumuuliza mtu. Nikasema mnazi mmoja katika picha hiyo haujawahi kuwepo, niliupachika kwa sababu pengo halikunipendeza, na faili la mtendaji limebeba mti wa uongo.

Dirishani mtu akasema, "Duh, mwalimu!" Naye ni mwanafunzi wangu wa zamani.

Rafaeli alichukua picha yake, ile yenye vyumba kumi na viwili, akaitazama kwa muda mrefu. "Upi?" Nikamwonyesha. Akatikisa kichwa. "Nilikuwa nimechora mapokezi chini yake."

Mtendaji akasema basi twende shambani. Tukaenda wote, kama watu hamsini. Pale Nusaiba akavua ndala, akazishika mkononi, akatangulia. Kona kwa kona, jirani kwa jirani. "Hapa tunakubaliana?" Hakuna aliyenuna. Mimi nilimfuata nimevua viatu pia, na mchanga ulikuwa wa moto.

Halafu minazi. Bi Binti anataja jina, Hasani anashika shina, mtendaji mwenyewe anainama kutazama kidato cha kwanza. Kushoto. Kushoto. Kushoto. Kufika mti wa kumi watu walikuwa wanaitikia pamoja, na watoto wakaanza kupiga makofi. Ile miwili ya kisimani: kulia, kulia. Suleiman alipoambiwa hii ndiyo aliyopanda baba yake, aliweka kiganja juu ya kidato na hakuondoka pale mpaka tulipomaliza.

Kushoto mara arobaini. Mtendaji akaitoa picha yangu kwenye faili, akaikunja, akanirudishia. Ameweka ile mpya, na orodha ya majina aliyoandika Nusaiba.

Rafaeli alisema atafikiri. Kwa uso wake nilijua ameshafikiri.

Watu walipotawanyika Bi Binti alikuwa amesimama kwenye pengo. Shimo limebaki kama karai. Nilikwenda kumwomba msamaha kwa utaratibu, nilikuwa nimeshayapanga maneno. Akanikatiza.

"Umeshaupanda kwenye picha. Njoo uupande na chini."

Jumanne, 3 Desemba
Rafaeli amejitoa. Ujumbe wake ni wa kiungwana: anatafuta ufukwe ulio wazi, na akiupata atataka Nusaiba aukanyage kwanza. Mauzo makubwa kuliko yote ya mwaka yameyeyuka. Nusaiba alinionyesha ujumbe, akanimiminia chai, akaniuliza kama shule zimefungwa.

Alhamisi, 5 Desemba
Suleiman ameandika: *Mwambie Bi Binti minazi iendelee kama zamani. Na mche aupande, hapana neno. Mwalimu, naomba picha ya ile miwili ya baba, kutoka juu na kutoka chini.*

Jumamosi, 7 Desemba
Mita tatu.

Nilidhani simu yangu italala. Leo wamekuja watatu. Hakuna anayeuza. Mmoja wa Kiranjeranje ana mikorosho ya marehemu mama yake kwenye shamba la mjomba, anataka picha yenye majina kabla wazee hawajaisha. Wengine wawili ni wa hapahapa, wanataka hivyohivyo. Nikawaambia sharti: sirushi mpaka Nusaiba ametembea. Wakasema hilo ndilo walilokuja kuomba.

Genoveva amesema nyuki wangu sasa ameanza kutafuta asali. Amesema hivyo mbele ya mgeni, kwa sauti, na nimefurahi kupita kiasi.

Jumamosi, 14 Desemba
Mvua asubuhi, ikakatika saa nne. Upepo mita mbili.

Bi Binti alikuja na mche ndani ya gunia, umeota kutoka nazi ya mti wake mwenyewe. Majani matatu. Hasani alichimba, nikamwomba jembe, nikachimba mimi. Nusaiba alishika mche wima. Genoveva alikuja pia, na kamera ya simu yake, eti na yeye anafungua biashara.

Nilipokwisha kufukia nikamwambia Bi Binti, "Sasa Zuhura amerudi mahali pake."

"Hapana, baba. Zuhura alikuwa na wake, umekwenda naye. Huu umeupanda wewe. Huu ni wako."

"Bibi, mimi ni mtu wa Mtama. Sina hata hatua moja ya ardhi hapa."

Akaniangalia kama mwanafunzi aliyepima uzito kwa lita. "Nani kazungumza habari za ardhi?"

Nusaiba alicheka mpaka akakaa chini.

Nilirusha mita arobaini juu ya shamba. Nimerudi nyumbani, nimeitazama picha kila upande, nimeikuza mpaka imekuwa vumbi. Sikugusa chochote. Nimeandika chini yake: *Minazi 42: arobaini ya Bi Binti, miwili ya marehemu baba yake Suleiman. Mche mmoja wa Klementi, safu ya tatu, upande wa baharini. Kutoka juu bado hauonekani.*